Kinga Inayorekebishika ya Grenda: Muundo, Kazi na Sababu za Kuondolewa Kwake katika Karakana za Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kinga inayorekebishika ya grenda, yaani kifuniko cha chuma kinachozingira sehemu ya diski katika mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma. Mazingira yanayorejelewa ni karakana za uchomeleaji za wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba kinga hiyo haimzuilii fundi vipande na cheche tu. Ndiyo pia kipimo kinachoizuia mashine kufungwa diski isiyoistahili, na anayeiondoa anakuwa ameibadili mashine yenyewe. Makala yanazichunguza sababu za kikazi zinazowafanya mafundi waiondoe, kisha yanaonyesha namna kazi hizohizo zinavyoweza kufanyika kinga ikiwa mahali pake.

Utangulizi

Ufundi wa chuma si jambo geni Karagwe. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, walikuta ufalme ambao heshima yake ilifungamana na chuma kwa karne kadhaa. Miongoni mwa vifaa vya enzi vilivyohifadhiwa Bweranyange kulikuwa na nyundo za chuma na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma hichohicho. Mhunzi wa zama hizo aliijua hatari ya kazi yake kwa macho: makaa yalionekana mekundu, nyundo ilionekana ikipanda na kushuka. Fundi wa leo anashika mashine ambayo hatari yake haionekani, kwa sababu diski inapozunguka kwa kasi yake kamili jicho huiona kama kivuli chepesi tu.

Mashine hiyo ni grenda. Aina yake ya leo, yenye kichwa kilichopinda pembe mraba kutoka kwenye mpini, ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1954 na kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la FLEX, na Wajerumani wengi hadi sasa huiita mashine yoyote ya namna hiyo kwa jina hilo. Katika Kayanga na Omurushaka, na katika miji ya Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kama vile Nkwenda na Murongo, grenda ndogo imekuwa chombo cha kwanza ambacho fundi mchomeleaji hukinunua baada ya mashine ya kuchomelea. Mapato ya kahawa na ndizi huishia kwa sehemu katika nyumba za matofali, na nyumba ya matofali huhitaji dirisha la nondo, mlango wa chuma na geti. Wachimbaji wadogo wa bati wa Kyerwa nao huleta tindo na sururu zao zinolewe. Kazi zote hizi hupitia kwenye diski ileile.

Kuhusu istilahi

Mafundi wengi hukiita kifuniko hiki kava, na wachache hukiita gadi. Diski yenyewe huitwa jiwe, na kwa haki, kwa kuwa imeundwa kwa chembe ngumu zilizogandishwa kwa gundi ya resini na kuimarishwa kwa wavu wa nyuzi za kioo. Makala haya yanatumia neno kinga badala ya kava. Tofauti hiyo si ya mapambo. Kava ni kitu kinachofunika, na kinachofunika hufunuliwa pale mtu anapotaka kuona. Hakuna anayeshangaa kava la redio linapotolewa. Mwanagenzi aliyefundishwa kwamba kipande kile ni kava tu amekwisha kupewa ruhusa ya kukiondoa kabla hata hajaishika mashine.

Muundo wa kinga

Kinga ya kawaida ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mwavuli wa chuma wenye umbo linalokaribia nusu duara, unaofunika upande wa diski unaomwelekea mtumiaji. Ya pili ni pete inayovaa shingo ya giaboksi, pale ambapo ekseli inayobeba diski inatokea. Ndani ya pete huwa na vijino vinavyoingia katika vijia vilivyochongwa kwenye shingo, ili kinga isichomoke kuelekea mbele na isikubali kuvaa mashine isiyo yake.

Neno kurekebishika linahusu namna pete inavyobanwa. Katika mashine za bei ya chini pete hubanwa kwa skrubu, na anayetaka kuizungusha hana budi kuchukua bisibisi, kulegeza, kugeuza na kukaza upya. Katika mashine za daraja la kati skrubu imebadilishwa kwa wenzo mdogo unaofunguliwa kwa kidole. Katika miundo mingine pete ina meno, na kinga huzungushwa kwa mkono huku ikialika hatua kwa hatua. Miundo hiyo hukubali kuzunguka kwa urahisi upande mmoja tu, ili diski ikipasuka isiisukume kinga ikageuka na kumwacha fundi wazi.

Zipo pia kinga za aina mbili kwa kazi mbili, na hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanza. Diski ya kusagia ni nene, kwa kawaida milimita 6, na hutumika kwa kulazwa kidogo juu ya chuma. Kinga yake iko wazi upande wa chini ili uso wa diski uguse kazi. Diski ya kukatia ni nyembamba, kati ya milimita 1 na 3, na hufanya kazi kwa ukingo wake tu. Ikisukumwa ubavuni huvunjika. Kwa sababu hiyo kinga yake hufunika pande zote mbili za diski, juu na chini. Grenda nyingi huuzwa zikiwa na kinga ya kusagia peke yake, ilhali kazi kubwa inayofanywa nazo katika karakana za madirisha ni kukata.

Kinga kama kipimo cha diski

Kila diski imeandikwa kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Kwa diski za resini zinazotumika kwenye mashine za mkono, kasi ya ukingo ni mita 80 kwa sekunde, sawa na kilomita 288 kwa saa. Kwa kuwa kasi hiyo ni ya ukingo, idadi ya mizunguko inayoruhusiwa hupungua kadiri diski inavyokuwa kubwa. Diski ya milimita 115 inaruhusiwa mizunguko ipatayo 13,300 kwa dakika. Ya milimita 125, mizunguko 12,200. Ya milimita 180, mizunguko 8,500. Na ya milimita 230, mizunguko 6,600.

Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Ikifungwa diski yake ya milimita 115, imo ndani ya mpaka. Ikifungwa diski ya milimita 180, ukingo unakwenda mita 104 kwa sekunde, na ikifungwa ya milimita 230, unafikia mita 132. Nguvu inayoivuta diski kutoka ndani ili ipasuke haiongezeki sawasawa na kasi. Huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Diski ya milimita 180 juu ya mashine ndogo hubeba mkazo wa mara 1.7 ya ule iliyopangiwa, na ya milimita 230 hubeba mara 2.7. Sehemu kubwa ya akiba ya usalama aliyoiweka mtengenezaji imekwisha kuliwa kabla diski haijagusa chuma.

Ni nini basi kinachomzuia mtu kuifunga diski kubwa kwenye mashine ndogo? Tundu la katikati haliwezi kumzuia, kwa maana diski za milimita 115 hadi 230 hutengenezwa kwa kawaida na tundu lenye upana uleule wa milimita 22.23. Ekseli wala nati haziwezi, kwa kuwa mashine ndogo na kubwa hutumia mara nyingi uzi uleule wa M14. Kinachobaki ni kinga. Diski ya milimita 180 haiingii ndani ya mwavuli uliotengenezwa kwa milimita 115, na hilo halikutokea kwa bahati. Kinga ikiwapo, mashine inakataa yenyewe. Ikiondolewa, mashine inapokea kila kitu, na maandishi madogo kwenye karatasi ya diski ndiyo yanayobaki kuwa mlinzi. Karatasi hiyo huwa ya kwanza kusagika.

Hatari hiyohiyo ina sura ya pili, ambayo huonekana kama uwekevu. Diski ya milimita 230 iliyotumika kwenye mashine kubwa hadi ikabaki na milimita 125 hivi huhamishiwa kwenye mashine ndogo ili isitupwe. Kwa hesabu ya ukingo kasi inaweza kuonekana halali. Hata hivyo, diski hiyo iliundwa kwa mizunguko 6,600, na sasa inazungushwa mara 11,000. Watengenezaji wa mashine huikataza desturi hii waziwazi katika maelekezo yao.

Sababu za kikazi za kuiondoa

Maelezo ya kawaida kuhusu jambo hili huwalaumu mafundi kwa uzembe. Lawama hiyo haieleweshi kitu. Fundi anayeiondoa kinga ana sababu, na sababu hizo zinaweza kutajwa.

Kubwa kuliko zote ni kina cha mkato. Diski ya milimita 115 ina nusu kipenyo cha milimita 57, na baada ya kuondoa nafasi inayochukuliwa na flanji na kichwa cha mashine, kinachobaki cha kukata ni milimita 30 hivi. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, linalotumika sana kwa mageti, haliwezi kukatwa kwa pigo moja. Diski ya milimita 180 hulimaliza kwa pigo moja. Grenda kubwa ingeifanya kazi hiyo kihalali, lakini bei yake ni mara kadhaa ya bei ya ndogo, nayo hutaka umeme mwingi zaidi. Kutoka hapo mantiki inakwenda yenyewe: ondoa kinga, funga jiwe kubwa.

Jibu la tatizo hili limo ndani ya bomba lenyewe, ambalo ni tupu. Unene wa ukuta wake mara nyingi ni milimita 1.5 au 2. Hakuna haja ya diski kupita milimita 40 za hewa. Panahitajika mstari uliochorwa kwa sikwea kuzunguka pande zote nne, kisha diski ndogo ikate upande mmoja baada ya mwingine, bomba likigeuzwa. Mkato wa namna hiyo, ukifuata mstari, hutoka mnyoofu kuliko ule wa diski kubwa inayotikisika kwenye mashine isiyo na nguvu ya kuibeba. Muda unaopotea ni wa kugeuza bomba mara tatu.

Sababu ya pili ni kutoona. Fundi anayekata pembe ya nyuzi 45 kwa ajili ya fremu hutaka kuuona mstari pale diski inapoingia, na kinga iliyokaa vibaya huuficha. Neno muhimu ni kukaa vibaya. Mwavuli unafunika takriban nusu ya duara. Nusu nyingine iko wazi, na kurekebisha maana yake ni kuchagua nusu ipi. Anayekata bomba lililolala huku mashine ikiwa wima anahitaji kinga mahali tofauti na anayesawazisha mshono wa kuchomelea mashine ikiwa imelala. Tofauti kati ya mikao hiyo miwili ni kama robo ya mzunguko. Kinga iliyoachwa katika mkao wa kwanza itakuwa kero katika wa pili, na kero ya mara ishirini kwa siku huisha kwa kinga kutupwa chini ya benchi.

Hapo ndipo aina ya kibano inapokuwa na uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Tuseme dirisha moja linahitaji mikato thelathini, nusu minyoofu na nusu ya pembe, na kila ubadilishaji wa kinga ya skrubu unachukua dakika moja. Fundi anayekata vipande kwa kufuata mpangilio wa kuunganisha atapoteza karibu nusu saa akikaza na kulegeza. Si ajabu akachoka. Fundi anayekata kwanza vipande vyote vinyoofu, kisha vyote vya pembe, ataigeuza kinga mara moja tu. Kwa mwenye kinga ya wenzo au ya meno swali lenyewe halipo, kwa sababu kugeuza huchukua sekunde mbili. Tofauti ya bei kati ya mashine ya skrubu na ya wenzo ingefaa ihesabiwe kwa namna hiyo na mtu anayeinunua.

Sababu ya tatu ni ndogo na ya kusikitisha: skrubu imepotea. Mashine zilizokwisha kutumika huuzwa mara nyingi zikiwa uchi, na vipuri vya kinga si rahisi kuvipata mbali na miji mikubwa. Wapo wanaojitengenezea. Fundi anayeweza kuunda geti hakika anaweza kuunda mwavuli, lakini mwavuli wa bati la kuezekea, ambalo unene wake haufiki nusu milimita, hauwezi kufananishwa na wa kiwandani uliotengenezwa kuzuia kipande cha diski kinachoruka. Utazuia cheche. Utampa pia mtumiaji imani isiyo na msingi, na kwa mtazamo huo huenda ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwani asiye na kinga kabisa walau hukaa mbali kidogo. Ikibidi kutafuta kipuri, inayofaa ni kinga ya mashine ya chapa na ukubwa uleule, ambayo vijino vyake vinaingia kwenye vijia bila kuchongwa.

Mwelekeo wa hatari

Diski inapopasuka, vipande haviruki ovyo. Kila kipande huondoka kwa mstari mnyoofu kutoka pale kilipokuwa ukingoni, na vyote husafiri katika bapa lilelile la diski. Cheche nazo hutoka katika bapa hilo. Yeyote ambaye uso wake umo katika bapa hilo yuko hatarini. Aliye kando yake kwa hatua moja ana nafuu kubwa. Mkao uliozoeleka wa kuchuchumaa, bomba likiwa chini na kushikiliwa kwa mguu, unauleta uso, goti na wayo vyote katika bapa moja. Kinga iliyogeuzwa vizuri hukatiza mstari kati ya diski na uso. Haikatizi mstari kati ya diski na mguu, ambao uko upande wa wazi, na hapo hakuna marekebisho yanayosaidia isipokuwa kulibana bomba kwa jiliwa au klampu.

Kuna pia kuruka kwa mashine. Mkato unapojifunga na kuibana diski, nguvu iliyokuwa ikikata huirudishia mashine mwendo, nayo hurushwa ghafla kinyume cha mzunguko. Hutokea hasa pale bomba linapoegemezwa ncha zote mbili na katikati kukakatwa, kwa maana uzito wake hulivunja kuelekea ndani na kuufunga mkato. Mpini wa pembeni, ambao nao huondolewa mara kwa mara pamoja na kinga, ndio unaoupa mkono wa pili nafasi ya kuizuia.

Kukata mbao kwa grenda kunastahili kutajwa peke yake. Diski zenye meno ya msumeno, na nyingine zenye mnyororo wa kuchongea, hufungwa kwenye grenda kwa ajili ya mbao za milingoti na mikaratusi. Meno hushika nyuzi za mbao badala ya kuzisaga, na mashine huruka mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Kinga ya grenda haikuundwa kwa diski hizo, na hakuna mkao wa kuirekebisha unaoifanya ifae. Maelekezo ya watengenezaji wa grenda huzikataza moja kwa moja. Mbao zina msumeno wake.

Sheria na mwanagenzi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, humtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi dhidi ya sehemu hatarishi za mashine, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ndio unaoisimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri kwa ajili ya anayeumia kazini. Katika karakana ya mtu mmoja na vijana wawili wanaojifunza, isiyo na mikataba wala michango, masharti haya yote yapo kwa maandishi, lakini gharama ya jicho lililoumia huangukia familia, pamoja na nauli ya kwenda Bukoba au Mwanza kumtafuta mtaalamu.

Anayeumia si lazima awe ndiye aliyeiondoa kinga. Mwanagenzi hupewa mashine kama ilivyo. Asiyewahi kuiona kinga ikiwa mahali pake hawezi kujua kwamba kuna kitu kimepungua, na atakapofungua karakana yake mwenyewe Nkwenda au Murongo ataifundisha mashine hiyohiyo iliyopungua kama mashine kamili. Njia ya kulivunja jambo hili ni ndogo: somo la kwanza la grenda liwe kuvua kinga, kuivisha tena, na kuigeuza kwa mikao mitatu ya kazi, umeme ukiwa umechomolewa. Kuchomoa kunasisitizwa kwa sababu katika wilaya ambazo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, mashine iliyoachwa swichi yake ikiwa imefungwa huamka yenyewe, popote ilipolazwa.

Baada ya somo hilo hufuata la kubadili diski. Tarehe ya mwisho ya kutumika husomwa kwenye pete ya chuma ya katikati, kwa kuwa gundi ya resini hudhoofika na diski hizi hupewa muda usiozidi miaka mitatu tangu kutengenezwa. Iliyohifadhiwa penye unyevu hudhoofika mapema zaidi, na mvua za Karagwe huja misimu miwili kwa mwaka. Kasi iliyoandikwa hulinganishwa na ya mashine. Kinga hugeuzwa iwe kati ya diski na mwili, watu huondolewa katika bapa la diski, kisha mashine huachwa izunguke bila kukata kwa dakika moja nzima. Diski yenye ufa uliofichika hupasuka mara nyingi ndani ya dakika hiyo.